Moto wa Mtu Mmoja: Historia ya Kidonge cha Kupikia Safarini

Mwaka 1859 mkemia Mrusi Aleksandr Butlerov alikuwa amerejea Kazan, mji ulio kando ya mto Volga, baada ya safari ndefu ya Ulaya Magharibi ambako alifanya kazi kwa muda katika maabara ya Adolphe Wurtz jijini Paris. Alikuwa akichunguza fomaldehidi, kemikali ambayo wengi wetu tunaijua kwa ile harufu ya formalini. Alipoikutanisha na amonia, alipata fuwele nyeupe. Akaandika alichokiona, akaendelea na mambo mengine. Mwaka 1861 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake mjini Speyer, Ujerumani, akaeleza kwamba tabia ya kemikali inatokana na jinsi atomi zake zilivyoshikana, na vyuoni anakumbukwa kwa hilo. Nje ya vyuo, Warusi wengi walimjua kwa kazi nyingine kabisa: alikuwa bingwa wa ufugaji wa nyuki na mwandishi wa vitabu vya ufugaji huo. Zile fuwele nyeupe zilibaki maabarani bila kazi. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu angebandika sufuria juu yake.

Leo kemikali hiyo inaitwa heksamini. Molekuli yake ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 4 za nitrojeni, zimeshikana kwa umbo la kizimba kilichofungwa pande zote. Umbo hilo limepangika vizuri mno, hata mwaka 1923 watafiti wawili wa California, Roscoe Dickinson na Albert Raymond, waliweza kulipima kwa eksirei, na heksamini ikawa kemikali ya kwanza ya kikaboni kufahamika umbo lake kwa njia hiyo. Mpishi wa safarini hana haja ya kujua habari za atomi, ila tabia mbili za unga huu mweupe zinamhusu sana. Ya kwanza, ukiupasha moto hauyeyuki ukawa maji. Unageuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo ndio unaowaka. Kwa hiyo hautiririki, haumwagiki, wala hauhitaji chupa. Ya pili, unawaka hadi kwisha na hauachi majivu ya kusemwa.

Hata hivyo kazi ya kwanza iliyoupa umaarufu ilikuwa ya hospitalini. Arthur Nicolaier alikuwa daktari Mjerumani ambaye mwaka 1884, akiwa bado kijana huko Göttingen, alitambua bakteria wa pepopunda kwenye udongo. Miaka kumi hivi baadaye aligundua kwamba heksamini ikimezwa hupita mwilini salama mpaka ifike kwenye mkojo, na mkojo ukiwa na uchachu huivunja ikatoa fomaldehidi, ambayo huwaua vijidudu papo hapo kibofuni. Dawa hiyo iliuzwa kwa jina la Urotropin, na kwa miongo kadhaa kabla ya antibiotiki ilikuwa tegemeo la watu wenye maambukizi ya njia ya mkojo, haya tunayoyaita U.T.I. Haijazeeka. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo ya utafiti wa Uingereza kwa wanawake wanaosumbuliwa na U.T.I. ya kujirudia, na dawa ya jamii hii ilionekana kutopitwa sana na antibiotiki katika kuwakinga. Kwa dunia inayohangaika na usugu wa dawa, hiyo ni habari kubwa. Nicolaier mwenyewe hakupata mwisho aliostahili. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1942 jijini Berlin, akiwa na umri wa miaka 80, Wanazi walipotaka kumpeleka kwenye kambi ya Theresienstadt, alijiua. Nimeona nimtaje kwa jina kwa sababu historia za majiko ya safarini huruka sehemu hii, ilhali dawa yake ndiyo iliyoipa heksamini umaarufu wake wa kwanza.

Sasa tuugeukie moto wenyewe. Katika miaka hiyo msafiri wa mbali alipika kwa kuni. Msafara ulipopiga kambi, watu walitawanyika kuokota, moto mmoja ukakokwa, chungu kimoja kikabandikwa, wote wakala. Moto wa safari ulikuwa mali ya kundi. Pasipo na miti, kama kwenye barafu ya kaskazini, ilibidi moto ubebwe, na hapo Mswidi Frans Wilhelm Lindqvist alileta mageuzi makubwa mwaka 1892 alipotoa jiko la Primus, lile la pampu linalopuliza mvuke wa mafuta ya taa bila utambi. Mnorwe Fridtjof Nansen na mwenzake Hjalmar Johansen walipoiacha meli yao mwaka 1895 kuitafuta Ncha ya Kaskazini kwa miguu na sleji, jiko hilo lilikuwa miongoni mwa mizigo yao. Lilikuwa na nguvu, lilibana mafuta na liliyeyusha theluji upesi. Lakini lilikuwa la shaba, zito, lenye vipuri vya kuchunga na mafuta ya kumwagika. Kwa watu wawili wenye sleji lilifaa kabisa. Kwa mtu mmoja mwenye shanta mgongoni, halikufaa.

Aliyelazimisha jambo hili litafutiwe ufumbuzi ni askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Ulaya yaliingia vitani na majiko makubwa ya magurudumu, yanayovutwa na farasi, yanayopika supu ya kikosi kizima. Yalikaa nyuma ya mstari wa mbele, kwa kuwa moshi wake uliwaonyesha adui pa kulenga. Chakula kilibebwa usiku kupitia mahandaki, kwenye matope, na kilipofika, kama kilifika, kilikuwa kimepoa. Askari aliyekaa siku kadhaa kwenye handaki lenye maji hakuwa na haja ya supu ya kikosi. Alitaka kikombe kimoja cha chai ya moto, hapo alipo, bila moshi. Askari wa Uingereza walipata vikopo vya spiriti iliyogandishwa, wakaviita majiko ya Tommy, kwa jina la utani la askari wao. Marekani, kampuni ya Sternau ya New York iliuza kitu cha namna hiyo hiyo kwa jina la Sterno, na familia zilihimizwa kuwatumia vijana wao walioko vitani. Moto wake ulikuwa dhaifu na maji yalichelewa mno kuchemka, lakini yalichemka.

Vita hivyo hivyo vilipiganwa huku kwetu kwa namna nyingine. Kati ya 1914 na 1918 mizigo ya majeshi ya Afrika Mashariki ilibebwa na watu. Mamia ya maelfu ya wapagazi walichukuliwa, na waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walihesabika kwa makumi ya maelfu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zina jina la kikosi chao mpaka leo. Nyuma ya kila mzigo mzito palikuwa na binadamu, na msomaji wa Kiswahili anapoambiwa historia ya wepesi wa mizigo ana haki ya kuanza kwa kuwakumbuka hao.

Baada ya vita, kampuni ya Lonza ya Uswisi iliuza vipande vyeupe vya kuwashia vilivyoitwa Meta, vilivyotengenezwa kwa metaldehidi. Wapanda milima wa Alps walivipenda. Katika miaka ya 1930 ikajulikana kwamba metaldehidi inawaua koa na konokono wa bustanini, na kemikali hiyo ikahamia kwenye kilimo kwa miongo mingi. Uingereza iliipiga marufuku mashambani na bustanini mwaka 2022 kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na wanyama wengine. Metaldehidi ni sumu kali kwa mtu na kwa mbwa, na vipande vyake vinafanana na peremende. Tusikae sana hapo.

Mwaka 1936, jijini Stuttgart, Erich Schumm alikandamiza heksamini kuwa kidonge. Bidhaa hiyo aliiita Esbit, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya mafuta ya Erich Schumm ya vidonge. Kidonge peke yake kisingemfikisha mbali. Ubunifu wa pili ndio uliokamilisha kazi. Alikiundia kijiko, yaani jiko dogo, cha bati la chuma, kisanduku bapa kinachoenea mfukoni. Ukikifungua, pande zake mbili zinasimama wima kuwa kuta za kukinga upepo na miguu ya kubebea sufuria, na katikati kuna kitako cha kuwekea kidonge. Ukikifunga, pakiti ya vidonge inakaa ndani yake. Moto, jiko na ghala la mafuta vikawa kitu kimoja kisichozidi kiganja cha mkono. Hakuna bomba la kuziba, hakuna mpira wa kuoza, hakuna pampu, hakuna tone la kumwagika juu ya mkate. Toleo la leo la kijiko hicho lina uzito wa gramu 85, na mtu aliyekiona cha mwaka 1936 angekitambua mara moja. Vifaa vichache sana vya karne iliyopita vinaweza kusemewa hivyo, na kwangu huo ni ushahidi kwamba Schumm alipatia tangu mwanzo.

Ujerumani ya 1936 ilikuwa inajiandaa kwa vita, na jeshi lake lilihitaji kitu cha namna hii. Kijiko cha Esbit kikaingia kwenye mikoba ya askari, kikaenda nao Poland, Ufaransa, jangwa la Libya na theluji ya Urusi. Wengi wao hawakurudi. Hadi leo vijiko hivyo vinafukuliwa kwenye mashamba ya Ulaya Mashariki, vimeshika kutu, vingine vikiwa na vidonge ndani.

Heksamini ilikuwa na kazi nyingine katika vita hivyo, nzito kuliko chai. Mwaka 1898 Mjerumani Georg Friedrich Henning alipata hataza ya kemikali mpya iliyotokana na heksamini, akidhani itakuwa dawa. Mwaka 1920 Edmund von Herz akaitambulisha kama kilipuzi. Ndiyo inayojulikana kwa jina la RDX, na ina nguvu kuliko TNT. Tatizo lilikuwa jinsi ya kuipata kwa wingi, mpaka Werner Bachmann wa Chuo Kikuu cha Michigan alipobuni njia yake, na kiwanda kikubwa kikajengwa Kingsport, Tennessee. Mabomu na torpedo za mataifa yaliyomshinda Hitler zilijazwa mchanganyiko wa RDX. Kwa hiyo kati ya 1939 na 1945 fuwele zile zile za Butlerov zilikuwa kwenye chupa ya dawa ya mgonjwa, chini ya kikombe cha askari handakini, na ndani ya bomu lililokuwa likimwangukia. Mtu akitaka kuelewa kwa nini serikali za leo zinakitazama kidonge cha kupikia kwa jicho kali, aanzie hapo.

Vita viliisha, kidonge kikabaki jeshini. Jeshi la Ujerumani Magharibi, lililoundwa mwaka 1955, liliendelea kuwapa askari wake vijiko vya Esbit pamoja na mgao wa chakula. Uingereza ikaacha spiriti iliyogandishwa na kuingia kwenye heksamini, na vizazi kadhaa vya askari na makadeti wake vilijifunza kupasha maharage kwa vidonge walivyoviita heksi, juu ya kijiko chembamba cha bati la kukunja. Wamarekani walichagua trioksani, kemikali nyingine ya ukoo wa fomaldehidi, iliyofungwa kwenye karatasi ya alumini. Vietnam, askari alitoboa matundu ubavuni mwa kopo tupu la biskuti, akaweka kipande cha trioksani ndani, na hilo ndilo lililokuwa jiko lake. Moshi wake uliwasha macho. Kipande kilipokosekana, au haraka ilipozidi, alikata kipande kidogo cha kilipuzi cha C-4 na kukiwasha. Bila kiwashio maalumu C-4 hailipuki, inawaka tu kwa moto mkali, na kahawa inachemka kwa muda mfupi sana. Mvuke wake una sumu, na makamanda hawakufurahia kuona vilipuzi vikiishia kwenye kahawa. Inaonyesha tu jinsi mtu mwenye baridi na njaa anavyoweza kwenda mbali kwa ajili ya kikombe kimoja.

Kutoka jeshini kidonge kilipita kwenye maduka ya mabaki ya jeshi, kikanunuliwa na maskauti, wavuvi na watembea milimani wenye kipato kidogo. Kwa muda mrefu walionunua majiko ya maana walikitazama kama kitu cha dharura. Hadhi yake ilibadilika pale Marekani ilipoanza kujiuliza swali jipya: kwa nini mtu anayekwenda matembezini kwa hiari abebe kilo 25 mgongoni?

Swali hilo mwanamke mmoja wa Ohio alikuwa amelijibu zamani kwa vitendo. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11 mwenye umri wa miaka 67, aliifuata njia ya Appalachian kutoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba miguuni, kifuko alichokishona mwenyewe begani, na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Jiko hakubeba. Alikula vyakula visivyohitaji moto, na watu wa njiani walimkaribisha mezani. Alirudia njia hiyo nzima mara mbili tena. Nasema bila kusita kwamba hakuna mhandisi wa vifaa vya safari aliyefundisha zaidi ya mama huyo.

Nadharia ilikuja baadaye. Ray Jardine, mpanda miamba aliyewahi kuwa mhandisi, alitembea na mkewe Jenny njia ya Pacific Crest, kilomita 4,270 kutoka mpaka wa Mexico hadi Kanada, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaandika kitabu kilichowaambia Wamarekani wapunguze kila kitu: hema liwe turubai, buti ziwe raba, begi liwe kifuko kisicho na fremu. Wafuasi wake wakaweka kipimo. Anayestahili kuitwa mwepesi kabisa ni yule ambaye mzigo wake, ukiondoa chakula, maji na mafuta, hauzidi pauni 10, yaani kilo 4.5. Watu wakaanza kupima vijiko vya kulia kwa mizani ya jikoni na kukata mipini ya miswaki. Kwenye hesabu ya namna hiyo, kidonge cha Schumm kilikuwa kinangoja kwa miaka sitini.

Tuifanye hesabu yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye hoja. Kidonge kikubwa cha Esbit kina gramu 14, huwaka kwa dakika kama 12, na hali ikiwa nzuri huchemsha nusu lita ya maji kwa dakika 8 hivi. Nusu lita inatosha chai na uji, au pakiti ya chakula kilichokaushwa. Mtu anayechemsha mara mbili kwa siku, kwa siku 3, anahitaji vidonge 6, sawa na gramu 84. Akivitegeshea kijiko kidogo cha titaniamu kisichofika gramu 15, moto wake wote wa safari hauzidi gramu 100. Mwenzake wa gesi, mwenye mtungi mdogo kuliko yote, ule wa gramu 110 za gesi, anabeba gramu 200 na ushei za mtungi pekee, bado jiko. Tena mtungi haugawanyiki: ukihitaji robo yake, unabeba wote, na chuma chake utarudi nacho nyumbani. Kidonge kinahesabika. Kila jioni mzigo unapungua kwa kiasi unachokijua tangu asubuhi, na siku ya mwisho mkobani hakuna cha kurudisha. Faida hii haidumu, lazima isemwe. Kidonge kinatumia uzito mwingi kuliko gesi kwa kila chemsho, kwa hiyo safari ikizidi wiki moja hivi pengo linazibika, na wakiwa wawili au watatu sufuria moja, gesi inashinda. Kidonge ni moto wa mtu mmoja, wa siku chache, anayechemsha maji na si zaidi.

Nishati yenyewe ni nyingi. Gramu 14 za heksamini zina kilojuli zipatazo 420, ilhali kuipandisha nusu lita kutoka nyuzi 15 hadi 100 kunataka 180 hivi. Zaidi ya nusu ya joto inapotea hewani, na upepo mdogo tu unatosha kupoteza yote. Ndiyo maana mtumiaji mzoefu huzungushia sufuria kinga ya karatasi ngumu ya alumini, akaacha nafasi ya vidole viwili hewa ipite, na hafungui kifuniko kuchungulia. Huwasha kidonge kwa kukishika pembeni, kwani njiti ya kibiriti hukawia kukishika kikiwa bapa chini. Maji yakichemka kabla kidonge hakijaisha, anakipuliza, kinazima, nusu inabaki kwa chai ya asubuhi. Baridi haikipunguzii nguvu kama inavyoupunguzia mtungi wa gesi, kwa sababu hakitegemei mgandamizo wowote. Kijiko cha titaniamu kina vibawa vitatu vinavyofunguka na kusimama, sufuria ikakaa juu yake. Ni mafiga matatu yale yale ya jiko la bibi, yaliyopunguzwa mpaka yakaingia kwenye mfuko wa shati.

Kero zake hazifichiki. Kina harufu kama ya samaki aliyechina, na vidonge visivyofungwa vizuri huipeleka harufu hiyo kwenye mkate. Kinaacha utando wa kahawia unaonata kitakoni mwa sufuria, kwa hiyo sufuria huwekwa kwenye kifuko chake peke yake. Kikivuta unyevu kinamomonyoka na kurusha cheche. Kibaya zaidi ni mvuke wake, wenye fomaldehidi, amonia na kiasi cha sianidi ya haidrojeni. Jeshi la Uingereza lilikitumia kwa miongo mingi kisha, katikati ya miaka ya 2010, likakiacha na kuchukua mafuta magumu ya ethanoli yaitwayo FireDragon, kutoka kampuni ya BCB ya Wales, ambayo moshi wake si wa sumu kiasi hicho na utando hauonekani. Huko magharibi mwa Marekani tatizo ni jingine. Misimu ya moto wa misitu inapokaza, mamlaka nyingi huruhusu tu majiko yenye kifungo cha kuzima papo hapo, na kidonge hakina.

Sheria nazo zimefika. Syria ilipotangaza akiba yake ya silaha za kemikali mwaka 2013, tani zipatazo 80 za heksamini zilikuwemo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2019, unawataka wauzaji watoe taarifa ya kila ununuzi wa heksamini unaotia shaka. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2023 mwananchi wa kawaida haruhusiwi kununua, kuingiza wala kuwa nayo bila leseni. Mzee aliyepewa heksi na jeshi akiwa kijana leo anahitaji kibali ili awe na pakiti ileile kabatini. Siwalaumu walioiandika sheria hiyo. Historia niliyoisimulia inawapa sababu. Nasikitika tu kwamba anayeumia ni mtembezi mwenye sufuria moja.

Huku kwetu milima tunayo, na kidonge hakijawa kitu cha kawaida. Kilimanjaro kukata kuni ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, na wapishi wa misafara hupandisha mitungi ya gesi. Kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya meta 4,600 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na wali unaiva kwa taabu. Mitungi hiyo inabebwa na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, na kanuni ya hifadhi inasema mzigo wa kila mmoja usizidi kilo 20. Mtalii anaweza kujiita mtembezi mwepesi kwa kuwa mgongoni ana chupa ya maji na koti tu. Meza, viti na mayai yake yako kichwani kwa mtu mwingine. Jardine na mama Gatewood walimaanisha jambo tofauti kabisa. Wepesi wao ulitokana na kuacha vitu nyumbani, na vilivyobaki walivibeba wenyewe. Mtu anayepanda Kilimanjaro, Meru au Mlima Kenya hahitaji vidonge ili afuate mfano huo. Apunguze tu anachokabidhi, na aulize mizigo imepimwa kwa kilo ngapi getini.

Na wewe unayetaka kukijaribu kidonge, anza kwa kujua kwamba hakipandi ndege. Kimeorodheshwa miongoni mwa yabisi zinazoshika moto, kwa namba UN 1328, kwa hiyo si begi la mkononi wala la chini linaloruhusiwa kukibeba. Utakinunua ulikofikia au utabadili aina ya moto. Nyumbani kihifadhi mbali na watoto, kwa kuwa tumbo lao litafanya kile ambacho mkojo wenye uchachu hufanya, na fomaldehidi haifai tumboni. Mlimani kiwashe juu ya jiwe, penye hewa, wewe ukikaa upande upepo unakotoka. Hata mvua ikinyesha namna gani, usikiwashe ndani ya hema.